Nilimfukuza Mtani na Redio Isiyo na Betri

Nina miaka thelathini na sita, ni mjane mwenye binti mmoja, na naishi Cheyo, hapa hapa Tabora mjini. Naandika haya nikiwa jikoni, mlango nimeufunga, maana majirani wameshachoka kusikia kilio changu. Wanaonijua watanitambua kabla hawajafika katikati. Na wanitambue tu! Aibu gani imebaki ambayo sijaionja?

Niwaambie mapema wasomaji wenzangu, mimi nina hasira za karibu. Sijifichi. Marehemu mume wangu, Maganga, alizoea kunitania kwamba nina moto wa mabua, unawaka ghafla na kuzimika ghafla, na kwamba mtu akinisubiri kidogo tu nitamletea chai mwenyewe. Tulicheka sana na maneno yale... Angejua moto huo ungekuja kuunguza nini, sidhani kama angecheka.

Maganga alikuwa mfanyabiashara wa asali. Aliinunua kwa warina asali wa misitu ya Usinge, kwao alikozaliwa, akaileta kuiuza mjini. Lakini watu wengi hawakumjua kwa asali, walimjua kwa sauti. Jamani, yule mtu alikuwa na sauti! Nene, inatoka tumboni. Kanisani aliimba besi, na akikohoa tu, benchi la mbele linageuka. Sokoni akimsalimia mtu mmoja, nusu ya soko inaitikia.

Mama yake, ambaye nami nilimwita Mama, aliishi Usinge kwa mdogo wake Maganga, shemeji yangu Mihayo, mkulima wa tumbaku. Kila jioni Maganga alimpigia simu, na kila jioni maneno yalikuwa yale yale. "Mama, shikamoo." Na mama upande wa pili, "Marahaba, mwanangu. Umekula?" Naye hujibu, "Nimekula, Mama, usihofu." Hata kama sufuria bado iko motoni na njaa inamuuma, atasema amekula. Mimi nilikuwa nawacheka. Mwanaume ana mvi kidevuni bado anaulizwa kama amekula!

Basi, sauti ile ikaanza kukwaruza. Tulidhani ni mafua. Nikamchemshia tangawizi, nikamlambisha asali yake mwenyewe, wapi! Ikafika mahali akiimba, ile besi inakatika kama kamba mbovu. Hospitali wakasema kuna uvimbe mbaya kooni, na kwamba lazima aende hospitali kubwa ya mbali akafanyiwe upasuaji. Wakatuambia wazi: wakimkata, huenda akapona, lakini hataongea tena maisha yake yote.

Nililia mpaka nikaishiwa machozi. Yeye hakulia. Alichoogopa ni kitu kimoja tu, mama yake. Alisema, "Mama akisikia habari ya kisu, atatangulia yeye." Akatukataza kumwambia. Jioni akaendelea kumpigia, akidai ana mafua.

Siku chache kabla ya kuondoka alijifungia chumbani mchana mzima. Alipotoka aliniita, akanishika mkono. Akaniambia amemrekodia mama yake maneno, na maneno yako kwenye kadi ya memori. Akirudi salama atayafuta na tutacheka. Asiporudi, mama ayasikie kwa masikio yake mwenyewe. "Usiache, mama Neema," alisema. "Hata iweje, usiache."

Nikaapa. Lakini sikumuuliza kadi ipi, wala iko wapi! Nilijua kadi hukaa kwenye simu, basi. Ningemuuliza swali moja tu siku ile, nisingekuwa naandika haya leo.

Mihayo aliacha tumbaku yake shambani, wakati ndiyo kwanza majani yanaiva, akaja kumpeleka kaka yake hospitali. Upasuaji ukafanyika. Mama alipopiga simu, Mihayo akawa anamdanganya: mara mtandao mbovu, mara simu ya Maganga imeharibika. Jioni zikapita bila shikamoo. Mama akaanza kuuliza nimemuudhi nini mwanangu... Nasi tukaendelea kudanganya. Kisha Maganga akafa. Alikufa akimtazama mdogo wake, bila neno hata moja.

Mwili ukarudishwa Tabora. Mama akaletwa kutoka Usinge. Hakupiga kelele kama wengine. Alikaa mkekani, kanga begani, akarudia neno moja tu: "Mwanangu amekwenda bila kunisalimia." Ukimpa chakula anakisukuma pembeni. Ukimbembeleza anakutazama, halafu anasema tena, "Bila kunisalimia..." Moyoni nilijua dawa yake ninayo. Nilijiambia nitangoja watu wapungue, nitulie, kisha nimpe kadi asikilize. Kumbe!

Hapa niwaeleze wasomaji wa mikoa mingine. Sisi Wanyamwezi ni watani wa Wazaramo. Babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwa miguu kwenda pwani walipita vijijini kwao, na utani ukaanzia huko mpaka leo. Msibani mtani ana ruhusa zake. Ataigiza mwendo wa marehemu, atawachekesha waliao, atachukua kitu cha marehemu aondoke nacho, na wafiwa watakikomboa kwa kuku au chochote, mbele ya watu. Hakuna kununa. Nimekulia ndani ya mila hiyo, siwezi kusema sikujua.

Mtani wetu pale Cheyo alikuwa Mzee Pazi, fundi cherehani. Alikuja Tabora ujanani kwa kazi ya reli, akaoa hapa, akazeekea hapa. Yeye na Maganga walikuwa hawapitani bila kutukanana na kucheka.

Siku ya pili ya msiba, tumeshazika, Mzee Pazi akaingia uani amevaa koti la Maganga, mbele nyuma. Kwapani ameshika redio ndogo ya Maganga, ile aliyozoea kusikilizia nyimbo za kwaya. Akasimama katikati ya watu, akatanua kifua, akatoa sauti. Ndugu zangu! Ilikuwa sauti ya Maganga mtupu! "Mama Neema! Chai yangu iko wapi? Au mpaka nife ndiyo nipewe chai?"

Watu walivunjika mbavu. Wanawake waliokuwa wakilia wakashika matumbo. Hata Mama nilimwona mdomo ukimcheza kidogo, kwa mara ya kwanza tangu afike.

Lakini mimi... Mimi sauti ile sikuwa nimeisikia tangu aingie chumba cha upasuaji. Nilikuwa nikiitafuta hata usingizini. Kuisikia inatoka kwenye kinywa cha mtu mwingine, kwa mzaha, kaburi likiwa bado bichi! Kitu kilinipanda kichwani. Nilikuwa naosha vyombo. Nikanyanyua beseni na maji yake machafu, nikammwagia mzee wa watu kuanzia kofia mpaka viatu.

Sikuishia hapo. Nilimwita mwizi. Nilimwita mla misiba. Nilimwambia hana haya, na umri wake wote hana haya. Hata watoto pale uani waliacha kucheza.

Mzee Pazi alijifuta uso kwa mkono. Mtani hakasiriki, ndivyo ilivyo. Akaifuta na redio kwa upande mkavu wa koti, kwa uangalifu, nikaona kama anazidi kunidhihaki. Akasema kwa upole, "Mtani wangu, mimi hii nakwenda nayo. Nikomboeni mbele ya mama yenu, ndipo niiwashe."

Nikamjibu nini mimi? "Nenda nayo ikufae! Redio yenyewe haina hata betri! Kafe nayo huko!"

Mihayo aliinuka kwenda kutafuta kuku. Nikamwambia atakayemkomboa yule mzee asikanyage tena kwangu. Mihayo akakaa. Mzee Pazi akatoka getini huku maji yanamdondoka, na redio kwapani.

Watu walipopungua, Mama akabaki kwangu. Siku moja asubuhi nikamwambia: Mama, mwanao hakuondoka bila kukusalimia. Amekuachia maneno, kwa sauti yake, nami ninayo. Ninyi hamkumwona yule mama! Aliomba maji akaoga. Akavaa kitenge kipya. Akavuta kigoda, akakaa mbele yangu ameweka mikono magotini. "Haya, binti yangu," akasema, "mlete."

Hakusema yalete. Alisema mlete.

Nikatoa simu ya Maganga kwenye mfuko wake wa hospitali. Ilikuwa imezima, betri imevimba. Nikafungua mfuniko wa nyuma, nikatoa betri, nikatazama pale kadi inapokaa. Patupu! Nikapuliza. Nikaweka kwenye mwanga. Patupu! Nikapindua mfuko, nikapindua godoro, nikakung'uta mashati yote ya marehemu. Mama kakaa tu pale kwenye kigoda, ananifuata kwa macho.

Na moto wangu wa mabua ukawaka tena. Simu ile ilishikwa na nani hospitali? Mihayo. Nani alibeba mfuko? Mihayo. Alipokuja kumwangalia mama yake nikamvaa mbele ya shangazi zake na wazee wa ukoo. Nikasema ameiba kadi ya kaka yake ili atie nyimbo zake za ngoma. Nikasema anamwonea kaka yake wivu mpaka kaburini. Yaani midomo yangu hii hii!

 Mihayo, mwanaume mzima, alisimama machozi yanamtoka. Kesho yake akamchukua mama yake wakaenda stesheni kupanda treni ya Kigoma, warudi Usinge. Pale mlangoni Mama alinigeukia akanishika shavu. "Ukimpata, niletee," akasema. "Nitasubiri."

Kuanzia hapo mambo yakaniendea mrama. Ukoo mzima ukanisusa. Asali niliyokuwa nikiuza alikuwa akinitumia Mihayo kutoka Usinge, ikakatika. Nikaanza kukaanga maandazi, nayo yakawa yanaungua kwa mawazo. Nikimpigia Mihayo anakata. Lakini hayo yote niliyastahimili. Kilichonimaliza ni habari za Mama. Kila mtu aliyetoka Usinge aliniletea habari moja: bibi anakwisha. Hali chakula. Akibembelezwa anasema, "Nitakulaje mimi, na mwanangu sijui kama amekula?"

Hebu fikirieni! Mimi ndiye niliyemwahidi. Mimi ndiye niliyemkalisha kwenye kile kigoda. Kama nisingemwambia kitu, pengine angelia akapona kama wazazi wengine wanavyopona. Lakini nilimpa tumaini, kisha nikampokonya!

Nikapeleka simu kwa fundi simu sokoni, nikamsihi ayatoe maneno kwenye simu hata kama betri imekufa. Nilidhani betri ilipovimba na maneno yamekufa nayo. Kijana akacheka, ila si kwa dharau. "Dada, simu hii haijawahi kuwekwa kadi, hata vumbi lake halijaguswa," akasema. "Na kadi si betri. Haitaki umeme. Ukiandika kitu humo ukaitoa, ukaiweka kabatini hata miaka, siku utakayoichomeka utakikuta vile vile. Tafuta kadi, dada. Popote ilipo, maneno yamo."

Popote ilipo! Nilitoka pale nusu nicheke nusu nilie. Kumbe maneno hayajafa! Kumbe mahali fulani, ndani ya kitu kidogo kama ukucha, Maganga bado anasema shikamoo na hakuna anayemwitikia!

Nilikuwa bado humo humo sokoni, natembea kama mlevi, nikapita kwa mchuuzi wa redio ndogo za kuchomeka kadi. Alikuwa anawaonyesha wateja. Akabonyeza kitufe, akasogeza redio mdomoni, akasema, "Karibu mteja, bei poa." Akabonyeza tena, na redio ikajibu kwa sauti yake, "Karibu mteja, bei poa."

 Nilikaa chini pale pale kwenye maganda ya miwa. Mimi nilijua redio inaongea, sikujua kwamba inasikiliza! Maganga alikuwa akichomeka kadi ya kwaya kwenye redio yake kila siku mbele ya macho yangu. Redio! Mungu wangu... redio!

Nilikimbia mpaka kibanda cha Mzee Pazi. Kimefungwa. Wakaniambia macho yamemwishia nguvu, hawezi tena kutunga uzi, binti yake aliyeolewa Bukene amekuja kumchukua. Kesho yake nikapanda gari la Bukene.

Nilimkuta barazani kwa binti yake, nikapiga magoti nikiwa bado mbali. "Shikamoo, Mzee Pazi." Akakaza macho, akanitambua kwa sauti. "Marahaba! Mtani wangu wa beseni! Leo nimevaa kanzu mpya, usinimwagie kabla hujanisalimia vizuri." Nikaangua kilio.

Redio ilikuwa juu ya kabati, imefungwa kwenye kitambaa cha mabaki ya nguo. Betri alizokuwa ametia mwenyewe kwa ajili ya siku ile alikwishazitoa zisije zikavuja na kuiharibu. Hakuwa ameiwasha hata mara moja. Kisha akanisimulia jambo lililonivunja kabisa.

Maganga alimfuata kibandani kabla ya kwenda hospitali. Wakapanga mambo wawili wale, kwa kutaniana kama kawaida yao. Maganga akamwambia: nikifa, chukua redio yangu. Kwanza waigizie sauti yangu, wacheke. Wakishacheka watakukomboa, na hapo hapo uiwashe waisikie yenyewe. Maganga alitaka kicheko kitangulie ili mama yake asianguke akisikia sauti ya mwanawe aliyelala kaburini. "Siku ile nilikuwa naelekea alipokaa mama," akasema Mzee Pazi. "Wewe ukanikuta njiani na beseni."

Nikamuuliza kwa nini hakunifuata akanieleza. Akasema mtani akirudisha mwenyewe alichochukua, bila kukombolewa, amekuwa mwizi aliyeogopa. Na mimi nilishamwita mwizi mbele ya watu. Alijua hasira zangu zitapoa na tutakuja. Alingoja. Hakuna aliyekuja.

Nikamwomba tununue betri, tumpigie simu Mama, asikilize hapo hapo. Akakataa kwa kichwa. Akasema bibi kizee yuko mbali huko, mgonjwa, anasikia sauti ya mwanawe kwenye simu inamsalimia. Si atadhani yu hai? Atainuka amtafute! Lazima awe na watu wake kando. Na aje Mihayo, akomboe yeye kama mwenye marehemu, mambo yaishe kama Maganga alivyotaka. Nikaona ni kweli. Hata sasa naona ilikuwa kweli... lakini ningeipora ile redio siku ile nikakimbia nayo Usinge, wallahi ningekuwa na amani leo! Mimi Mkristo, lakini acheni niape.

Nikampigia Mihayo, akakata. Nikamtumia ujumbe, kimya. Nikatuma wazee wa kanisa, akawajibu kwamba hana kadi ya mtu. Nani angemlaumu? Siku zikawa zinakwenda. Sauti iko Bukene njia ya Mwanza, masikio yako Usinge njia ya Kigoma, na mimi niko katikati Tabora, nazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Mwishowe nikamwomba shangazi yao mkubwa, yule aliyenisikia nikimtukana, ampe Mihayo simu yake bila kumwambia ni mimi. Aliposema "haloo" nikamwambia yote kwa pumzi moja: mimi ni mwongo, wewe si mwizi, kadi iko kwenye redio, nisamehe au usinisamehe, ila mama asikie.

 Mihayo akasema, "Njoo na huyo mzee. Kuku nitamtafuta mimi. Fanya haraka, shemeji."

Nikamfuata Mzee Pazi Bukene, tukarudi Tabora, tukangoja treni. Mvua zilikuwa zimeharibu reli, treni ikachelewa, tukashinda stesheni, mzee kapakata redio ndani ya kanzu kama mtoto mchanga. Nilinunua betri mpya nikazishika mkononi njia nzima, mpaka zikaloa jasho. Tulipofika Kaliua simu yangu ikalia. Mihayo. Nilijua kabla sijapokea.

"Shemeji... mama amepumzika."

Sikumbuki nilichofanya. Wananiambia nililala chini kwenye behewa nikagonga kichwa kwenye kiti. Nakumbuka tu mkono wa Mzee Pazi mgongoni kwangu, na sauti yake ikisema twende, asishuke mtu, sasa ndiyo tuna kazi.

Usinge tuliwakuta watu wamejaa uani. Mama amelazwa ndani, mlango wazi. Nilidhani Mihayo atanipiga, na nilitaka anipige. Badala yake alikuja na kuku mweupe, akamkabidhi Mzee Pazi mbele ya ukoo mzima, akasema kwa sauti iliyopasuka, "Mtani, tumekuja kukomboa redio ya kaka."

Mzee Pazi alimpokea kuku. Hakufanya mzaha. Alitia betri kwa kupapasa, akaiweka redio kizingitini, ikimwelekea Mama. Akabonyeza. Wimbo wa kwaya ukalia kidogo. Akabonyeza tena.

"Mama, shikamoo."

Uwiii! Jamani! Ni yeye! Imekwaruza, lakini ni yeye! Watu waliinuka kama waliomwona. Na baada ya shikamoo ile, redio ikanyamaza. Inakoroma tu, shhhhh... Nikaelewa. Alikuwa ameacha nafasi! Maganga alipokuwa akirekodi chumbani kule alisalimia, kisha akangoja mama yake aitikie.

Na mwenye kuitikia alikuwa amelala pale, amefunikwa.

Mzee Pazi, aliyezisikia mara nyingi simu zile za jioni, akajivuta mkekani. Akachukua kanga iliyokuwa mlangoni, akajitanda kichwani. Kazi ya mtani ni kumwigiza marehemu, si ndiyo? Akainamisha kichwa kama Mama alivyozoea, akasema kwa sauti ya Mama, ile nyembamba ya uchovu, "Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Na redio ikajibu, "Nimekula, Mama, usihofu."

Hapakuwa na mtu mwenye macho makavu. Wanaume walilia kwa sauti. Redio ikaendelea. Maganga alimwambia mama yake kwamba sauti yake inakwenda kuondolewa, ndiyo maana amemsalimia salamu zote zilizobaki kwa mara moja. Alimwomba amwombee Mihayo, aliyekubali kuacha tumbaku yake iharibike shambani kwa ajili yake. Nilimtazama Mihayo, nikashindwa kuendelea kumtazama. Kisha akanitaja na mimi. "Mke wangu ana moto wa mabua, Mama, mvumilie. Haukai."

Haukai! Maganga, mume wangu, ulikosea. Safari hii ulikaa.

Halafu akauliza neno la mwisho, kwa upole, kama jioni zile. "Na wewe je, Mama? Umekula?"

Shhhhh... Nafasi nyingine.

Wote tukamgeukia Mzee Pazi. Alifungua mdomo.  Akajifunika uso na ile kanga, mabega yakaanza kumruka, na hakuweza. Mtani alishindwa! Hakuna aliyejibu. Redio ikangoja, ikangoja, mpaka wimbo wa kwaya ukaingia wenyewe.

Tulimzika Mama jioni ile. Mimi na Mihayo tumesameheana, au tuseme yeye amenisamehe. Asali inakuja tena. Redio iko hapa kabatini, betri nimezitoa, kadi imo. Najua nikiiwasha baada ya miaka mingi, itamuuliza Mama vile vile kama amekula, na itangoja vile vile.

Wasomaji wenzangu, nawaomba kwa machozi, msipite nilipopita mimi. Mtani akija msibani kwako, hata kama moyo unapasuka, mwache afanye kazi yake. Hujui amebeba nini kwapani. Ukipotelewa na kitu, usimwite mtu mwizi kwa sababu tu alikuwa karibu. Na kama una sauti ya mtu iliyowekwa mahali kwa ajili ya mtu mwingine, usingoje utulie, usingoje watu wapungue. Mpelekee leo. Kadi haina haraka, hata bila umeme. Mama yangu ndiye hakuweza kungoja, na aliniahidi kwamba atangoja.

Kama mama yako yu hai, mpigie kabla hujaweka ukurasa huu chini. Akikuuliza kama umekula, mjibu. Halafu, nakusihi, muulize na yeye.